Mikono Miwili Inatosha Kuanza

Mwaka 1958, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, mwanafunzi wa uhandisi aitwaye Guy Knickerbocker alikuwa akifanya majaribio ya kuurudisha moyo wa mbwa kwenye mdundo wake kwa kutumia umeme. Kifaa chake kilikuwa na vibao viwili vizito vya kupitishia umeme, navyo vilikandamizwa juu ya kifua cha mnyama ambaye moyo wake ulikuwa umeacha kusukuma damu. Kabla hata umeme haujawashwa, Knickerbocker aliona kitu kwenye kipimo cha presha: kila vibao vilipobanwa kifuani, presha ya damu kwenye mshipa wa paja ilipanda. Moyo ulikuwa umesimama na kifua hakijapasuliwa, lakini damu ilikuwa inasogea.

Alimweleza msimamizi wake, Profesa William Kouwenhoven, kisha akajiunga nao daktari kijana wa upasuaji, James Jude. Wakaanza kutafuta majibu ya maswali manne: kifua kikandamizwe mahali gani, kwa nguvu kiasi gani, kwa kasi gani, na kwa muda gani. Hadi wakati huo, moyo ukisimama, tiba iliyojulikana ilikuwa kupasua kifua, kuingiza mkono ndani na kuubinya moyo wenyewe. Maana yake ni kwamba aliyekuwa na nafasi ya kupona ni yule tu ambaye moyo wake ulisimama akiwa tayari mbele ya daktari mwenye kisu. Aliyeanguka sokoni, shambani au jikoni alihesabiwa amekwisha.

Miongoni mwa wagonjwa wa kwanza wa Jude alikuwa mwanamke aliyekuwa akiandaliwa kupasuliwa mfuko wa nyongo, moyo wake ukasimama akiwa kwenye dawa ya usingizi. Jude hakupasua kifua. Aliweka viganja juu yake na kukandamiza, na mwanamke yule akapona. Mwezi Julai 1960 watu hao watatu walichapisha taarifa katika jarida la madaktari wa Marekani: wagonjwa 20 walikandamizwa kifua, 14 wakaishi. Ndani ya taarifa hiyo waliandika kwamba sasa mtu yeyote, mahali popote, anaweza kuanza kumrudisha aliyesimama moyo, na kwamba kinachohitajika ni mikono miwili tu.

Zaidi ya miaka 60 imepita, na kwetu elimu hiyo bado haijafika mahali ilipokusudiwa kufika. Mtu akianguka ghafla, wengi wetu tunajua kazi moja tu: kutafuta gari. Tunapiga kelele, tunampepea, tunammwagia maji, tunambeba mzegamzega hadi barabarani. Huruma ipo tele, na mbio zipo. Kinachokosekana ni kujua kwamba uhai wa mtu huyo hauko hospitali inayosubiriwa. Kwa dakika chache zile, uko mikononi mwa waliomzunguka.

Ugunduzi ulioanzia kwenye nguzo za umeme

Kouwenhoven hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi wa umeme, na kilichomwingiza kwenye habari za moyo ni vifo vya mafundi. Katika miaka ya 1920 umeme ulikuwa ukisambaa kwa kasi katika miji ya Marekani, na mafundi wa laini walikuwa wakipigwa shoti na kufa bila jeraha kubwa la kuonekana. Makampuni ya umeme yalitaka kujua kwa nini, na yakagharamia uchunguzi.

Jibu lilikuwa ndani ya moyo. Moyo wenyewe hufanya kazi kwa umeme mdogo unaoamrisha misuli yake ijikaze kwa pamoja na kwa zamu. Umeme wa nje ukipita kifuani unaweza kuvuruga amri hiyo. Misuli haisimami kabisa, bali kila uzi wake unatetemeka kivyake, na moyo unaotetemeka hausukumi damu hata tone. Hali hiyohiyo huwapata watu wasiogusa waya wowote: mwenye mshipa wa moyo ulioziba, au kijana aliyezaliwa na hitilafu ya moyo asiyoijua. Kouwenhoven na wenzake walijua kwamba shoti nyingine, iliyopimwa, ingeweza kuutuliza moyo huo. Ila mashine yao ilikuwa nzito kama samani, na mgonjwa hawezi kuisubiri. Kukandamiza kifua kukawa daraja la kumvusha mgonjwa hadi mashine ifike.

Mwaka 1969 chuo cha Kouwenhoven kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Mzee huyo aliyeishi na nyaya na mita alikuwa ameipa tiba kitu ambacho madaktari walikuwa wamekikaribia na kukiacha: huko Göttingen, Ujerumani, daktari Friedrich Maass alikuwa ameandika kuhusu kukandamiza kifua tangu mwaka 1892, lakini taarifa yake haikufuatwa. Elimu inaweza kuandikwa vizuri kabisa na bado isiokoe mtu, mpaka wapatikane watu wa kuibeba.

Habari ya pumzi

Upande wa pili wa ugunduzi ni pumzi, na wenyewe una historia ndefu ya kupapasa gizani. Mwaka 1767 wakazi wa Amsterdam, mji wa mifereji ambako watu walizama kila mara, waliunda chama cha kuokoa waliozama. Walihimiza kumpulizia mtu pumzi, lakini pia waliwabingirisha waliozama juu ya mapipa na kuwapuliza moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa. Huko London mabomba ya kupulizia moshi huo yaliwekwa kando ya mto Thames. Walioyafanya hayo hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walitaka sana kusaidia, na hakuna aliyekuwa amepima.

Kwenye fukwe zetu na kando ya Ziwa Viktoria bado kuna wanaombinya tumbo mtoto aliyezama, au kumwinua miguu juu kichwa chini, ili maji yatoke. Nao wanataka sana kusaidia. Lakini jambo hili limeshapimwa: kinachomuua aliyezama ni kukosa oksijeni. Kubinya tumbo kunatoa maji na chakula kilichomo tumboni, navyo vinaweza kuingia kwenye mapafu, huku sekunde zikipotea.

Aliyepima pumzi kwa makini ni Peter Safar, daktari wa usingizi mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Baltimore. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwapata watu waliojitolea kulazwa kwa dawa na kulegezwa misuli hadi wasiweze kupumua wenyewe. Kisha akawaita watu wa kawaida, wasio madaktari, wawapulizie pumzi mdomo kwa mdomo, huku akipima oksijeni kwenye damu yao. Njia za zamani za kukandamiza mgongo na kuinua mikono zilishindwa vibaya. Pumzi ya mdomo ilitosha. Sababu ni rahisi: hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi, na ile tunayoitoa bado ina asilimia 16 au 17. Hewa unayoitoa wewe ni chakula kamili kwa mwingine.

Safar alionyesha pia kwamba mtu aliyepoteza fahamu na kulala chali huzibwa koo na ulimi wake mwenyewe, na kwamba kurudisha kichwa nyuma taratibu na kuinua kidevu hufungua njia. Kitendo hicho kimoja, kisichohitaji hata nguvu, kinaweza kumrudishia mtu pumzi.

Kwa nini dakika, wala si saa

Ubongo hauna ghala la oksijeni. Damu ikisimama, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, na baada ya dakika 4 hadi 6 chembe za ubongo huanza kuharibika. Kwa mtu ambaye moyo wake umesimama ghafla, kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua hupunguza nafasi yake ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu ya foleni ya Dar es Salaam au Nairobi, au ya barabara ya vumbi kutoka kijijini hadi kituo cha afya, utaona kwamba gari peke yake haliwezi kushinda mbio hizo.

Mikono nayo haiufanyi moyo uwe mzima. Kukandamiza vizuri kunatoa kama robo hadi theluthi ya damu ambayo moyo mzima ungesukuma. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachouzuia ubongo usife. Na kina masharti yake. Anayeteka maji kwa pampu ya mkono kwenye kisima anajua kwamba ukiacha kupampu, maji yanashuka, na ukianza tena lazima upige mara kadhaa kabla bomba halijatoa. Presha ya damu ni hivyohivyo: ukisitasita, unaanza upya. Ndiyo maana wakufunzi wanasisitiza usiache mapengo.

Mwanasoka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, ni ushahidi wa kinachowezekana. Tarehe 17 Machi 2012 alianguka uwanjani London akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake haukudunda wenyewe kwa dakika 78. Muda wote huo, uwanjani, kwenye gari na hospitali, watu walipokezana kukandamiza kifua chake na mashine ikampiga shoti tena na tena. Aliishi, akazungumza, akarudi kwa familia yake.

Ni haki kusema pia kwamba wengi hawarudi. Hata Marekani, penye magari ya wagonjwa na mashine, anayesimama moyo nje ya hospitali huokoka mmoja kati ya kumi hivi. Lakini asiyeguswa na mtu yeyote karibu hana nafasi kabisa, na tofauti ya hao wawili ni majirani zake.

Namna ya kufanya

Tuchukue fundi aliyekuwa akichomelea geti, akapigwa shoti na kuanguka. Kwanza, usimguse. Zima swichi kuu au chomoa waya; anayemkimbilia bila kuzima umeme anaweza kuwa maiti ya pili. Ukishahakikisha usalama, piga magoti kando yake, mtikise mabega na kumwita kwa sauti. Haitiki? Inua kidevu, tazama kifua kama kinapanda na kushuka, kwa muda usiozidi sekunde 10.

Hapa ndipo wengi hukosea. Moyo ukisimama, mtu anaweza kuendelea kwa dakika kadhaa kutoa pumzi za kushtukashtuka, za mara mojamoja, zenye mkoromo. Waliomzunguka husema bado anapumua, au husema anakata roho na kurudi nyuma kwa heshima. Huko si kupumua. Mtu asiyeitika na anayekoroma hivyo anahitaji mikono yako sasa hivi.

Usipige kelele kwa umati mzima. Mwelekeze mtu mmoja kwa kidole: “Wewe kaka wa shati la bluu, piga simu, tafuta gari.” Namba ya dharura 112 hutumika Tanzania na Kenya, Tanzania Zimamoto na Uokoaji ni 114, na Kenya ipo pia 999. Wewe usiondoke.

Mlaze chali mahali pagumu, sakafuni au ardhini, kwa sababu godoro litameza nguvu zako. Weka kitako cha kiganja kimoja katikati ya kifua, juu ya mfupa wa kidari, usawa wa nusu ya chini. Weka kiganja cha pili juu yake, funganisha vidole. Nyoosha viwiko, mabega yako yawe juu kabisa ya mikono, kisha kandamiza kwa uzito wa mwili wako na si kwa misuli ya mikono. Kifua cha mtu mzima kishuke sentimita 5 hadi 6. Kiachie kirudi juu chote, bila kuinua viganja, kisha kandamiza tena, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hiyo ni kasi inayokaribia mara mbili kila sekunde, na inachosha haraka. Kila baada ya dakika 2 hivi, mwingine akupokee.

Unaweza kusikia mbavu zikilia au kuvunjika. Usiache. Mbavu huunga.

Ikiwa umefunzwa na uko radhi kupuliza pumzi, fanya makandamizo 30, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo. Kama hujafunzwa, au unaogopa mdomo wa mtu usiyemjua, kandamiza tu. Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, bado ni msaada wa kweli. Kwa aliyezama na kwa mtoto, pumzi si ya hiari kirahisi hivyo, kwani tatizo lao limeanzia kwenye hewa. Anza na pumzi 2 hadi 5, kisha endelea na kifua. Mtoto mdogo hukandamizwa kwa kiganja kimoja, kifua kishuke theluthi ya unene wake. Mtoto mchanga hushikwa kifua kwa viganja viwili, na vidole gumba viwili ndivyo vinavyokandamiza.

Gari likifika, liwe lenye sehemu bapa, kama pikapu au kirikuu, ili alazwe chali na kazi iendelee kadiri usalama unavyoruhusu. Akianza kupumua vizuri, mgeuze ubavu, kichwa kikirudi nyuma kidogo, na usimwache peke yake. Usimpe maji, soda wala chochote mdomoni.

Jambo jingine la kusemwa wazi: katika jamii zetu wengi husita kumgusa mwanamke kifuani mbele za watu, na hata utafiti wa nchi nyingine umeonyesha kwamba wanawake wanaoanguka hadharani hukandamizwa mara chache kuliko wanaume. Kifua kinaweza kukandamizwa juu ya nguo. Kanga na vitenge havikosekani. Wanawake waliopo wasimame kuzunguka na kumsitiri. Sitara yake inalindwa kwa kumfunika, si kwa kumwacha afe.

Kutoka mwanasesere hadi Haydom

Peter Safar alihitaji njia ya kufundisha watu bila kuumizana. Huko Stavanger, Norway, alikuwapo mtengenezaji wa vichezeo vya watoto aitwaye Asmund Laerdal, ambaye mwanawe mdogo aliwahi kunusurika kuzama. Mwaka 1960 Laerdal alitengeneza mwanasesere wa ukubwa wa mtu, mwenye kifua cha springi na mapafu yanayojaa hewa kichwa kikirudishwa nyuma sawasawa. Mwanafunzi akikandamiza kwa kina kinachotakiwa, hujua kwa mikono yake. Akipuliza vibaya, kifua hakipandi. Mamilioni ya watu duniani wamejifunzia kwa wanasesere wa aina hiyo.

Mlolongo huo ulifika Tanzania. Kampuni iliyotokana na Laerdal ilitengeneza kitoto cha plastiki kinachojazwa maji hadi kipate uzito na ulegevu wa mtoto mchanga, na Tanzania ikawa mahali pa kupima mafunzo yake. Wakunga hufunzwa kwamba mtoto asiyelia akizaliwa akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipopumua apuliziwe hewa kwa mfuko na kibarakoa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Matokeo kutoka hospitali 8, Haydom mkoani Manyara ikiwamo, yalichapishwa mwaka 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Kilichowaokoa watoto hao ni mikono iliyofunzwa, na mazoezi mafupi yaliyorudiwa mara kwa mara.

Kurudiwa huko ndiko siri. Mafunzo ya siku moja yasiyorudiwa hufifia baada ya miezi michache.

Waliodharauliwa wakawa wa kwanza

Kisa kimoja kutoka Pittsburgh, Marekani, kinatuhusu sana. Katika miaka ya 1960, mtu akianguka kwenye mitaa ya watu weusi ya Hill District, aliyekuja kumchukua alikuwa polisi au gari la kubebea maiti, na njiani hakuna aliyemhudumia. Mwaka 1967 Safar, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amefiwa na binti yake mdogo kwa pumu, alishirikiana na wakazi kuanzisha huduma iliyoitwa Freedom House. Waliochukuliwa walikuwa vijana weusi wa mtaani, wengi hawana ajira, baadhi hawakumaliza shule. Walifunzwa kwa takriban saa 300. Wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza wa dharura Marekani waliotibu mgonjwa palepale alipoangukia na ndani ya gari, na mtaala wao ukawa msingi wa mafunzo yaliyoenea nchi nzima.

Nani kwetu hufika wa kwanza kwenye ajali? Ni vijana wa bodaboda wa kijiweni. Nani humwona wa kwanza aliyezama? Mvuvi na mchuuzi wa ufukweni. Fundi hupigwa shoti mbele ya fundi mwenzake, mtoto huzirai mbele ya mwalimu, na baba huanguka mbele ya mkewe na watoto. Hawa ndio huduma yetu ya dharura, tuwe tumewafunza au hatujawafunza. Magari ya wagonjwa yaongezwe, na tuyadai kwa sauti kubwa. Lakini hata yangekuwa tele, yangefika baada yao.

Kwa hiyo elimu hii iingizwe kwenye masharti ya leseni ya udereva, kwenye vyama vya bodaboda, kwenye vikundi vya ulinzi wa fukwe, shuleni tangu darasa la juu la msingi, misikitini na makanisani. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza katika nchi zetu, na hospitali nyingi zina wauguzi wanaoweza kuja wakialikwa. Kikoba kinachochangia mazishi kinaweza kuchangia pia nauli ya mkufunzi. Nyumbani, anza na mambo mawili leo: kila mtu aijue swichi kuu ya umeme ilipo, na kila mtu apige magoti ajaribu mkao wa mikono juu ya mto uliowekwa sakafuni, watoto wakihesabu hadi 30. Ndugu zetu wanafia mikononi mwa watu wanaowapenda, na ugunduzi wa kuwasaidia ulishafanyika. Kilichobaki ni sisi kuubeba.